Siku moja Kigoma mjini: mwongozo kamili kuanzia mwalo wa Kibirizi mpaka jua linapozamia upande wa Kongo

Wakuu, watu wengi wakija Kigoma akili yote iko Gombe kwa sokwe, wanashuka kwenye basi wanalala gesti asubuhi wanakimbilia boti, wakirudi wanapanda basi wanaondoka, mji wenyewe hawajauona. Mimi naupenda huu mji na nasema wazi kwamba Kigoma-Ujiji inastahili siku yake nzima peke yake, na ukiipangilia vizuri utaondoka umejua Ziwa Tanganyika, reli, historia ya misafara na umekula mgebuka, samaki wa ziwa hili ambaye Dar humpati ivo ata kwa hela. Shida ni kwamba ratiba za watu zinafuata saa ya simu, wakati huku kila kitu kinafuata ziwa. Samaki wanafika mapema, mchana kwenye mchanga panaungua, jioni ndo raha inarudi. Kwa iyo mwongozo huu nimeupanga kwa mwendo wa ziwa.

Kabla hujaja: angalia mwezi

Simaanishi mwezi wa kalenda tu, angalia mwezi wa juu angani. Uvuvi wa dagaa Tanganyika ni wa usiku na taa, zamani karabai siku hizi zaidi ni taa za sola na betri. Vile vidudu vidogo vya kwenye maji vinapanda juu usiku, dagaa wanavifata, mwanga wa taa unawakusanya chini ya mtumbwi, wavu unainuliwa. Migebuka nao wanakuja kuwafukuzia hao dagaa, ndo maana wanavuliwa pamoja. Sasa siku za mbalamwezi ziwa lote lina mwanga, taa haivuti kitu, wavuvi wengi wanapumzika, wanashona nyavu. Ukija siku hizo utakuta mwalo, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, umepoa na bei imepanda. Njia rahisi ya kupanga ni tarehe za Kiislamu, kuanzia kama tarehe 12 mpaka 18 epuka, mwishoni mwa mwezi na mwanzoni ndo giza na ndo samaki.

Alafu kuna jambo la ziwa kufungwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, nchi zote nne za ziwa zilikubaliana. Kama unakuja miezi hiyo uliza kwanza mtu aliyeko Kigoma, usije ukafika mwaloni ukakuta mitumbwi imepandishwa mchangani. Kiangazi, Juni mpaka Septemba, njia ni kavu na picha zinatoka safi ila kuna upepo wa kusini unaotia mawimbi hasa mchana. Masika unapata kijani na milima ya ng'ambo inaonekana vizuri baada ya mvua kuosha vumbi, ila dagaa wa kukausha wanaharibika hovyo.

Kitu cha tatu, kitambulisho. Kigoma ni mkoa wa mpakani, Burundi iko hapo kaskazini na Kongo iko ng'ambo ya maji, ukaguzi wa Uhamiaji njiani na kwenye mabasi ni jambo la kawaida. Beba kitambulisho cha NIDA chenyewe, mgeni abebe pasipoti, usiache gesti.

Jua la huku linachelewa

Hii watu wa Dar na Mombasa inawachanganya sana. Sisi tuko mwisho wa magharibi ya nchi ila saa tunayotumia ni ileile ya pwani, kwa iyo saa kumi na mbili asubuhi bado kuna giza, jua linatoka karibu na saa moja, na jioni linazama karibu saa moja vilevile. Jua la utosini unalipata kama saa saba mchana. Maana yake kwako ni kwamba ule muda mkali kabisa wa kukaa kivulini ni saa sita mpaka saa tisa, na jioni una kama dakika arobaini za ziada ambazo kwenu mngekuwa mshawasha taa.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi: Kibirizi

Kibirizi iko kaskazini ya mji, kama kilomita 3 kutoka kituo cha reli, boda au bajaji inakufikisha fasta. Elewaneni bei kabla hujapanda, na mwambie kabisa "mwaloni" maana Kibirizi ni mtaa mzima. Vaa ndala au viatu ambavyo havikuumi roho vikilowa, na usivae suruali ndefu ya kuburuza.

Mitumbwi inaingia kuanzia alfajiri. Utaona mingine imefungwa miwili kwa magogo katikati, hiyo ndo ya dagaa, wavu unashushwa kati yake. Samaki wanashushwa kwa ndoo na mabeseni, akina mama wachuuzi wanasubiri pale pale, mnada unaenda kwa kelele na haraka, na kama uko njiani utasukumwa, sio kwa ubaya ila wao wako kazini. Simama pembeni, wasalimie, mzee shikamoo, wengine "poleni na kazi", utashangaa jinsi watu wanavyofunguka. Kupiga picha omba kwanza. Kuna mtu hataki sura yake na ana haki, kuna mwingine atakuita umpige na mtumbwi wake.

Jifunze majina ya samaki ukiwa hapo, ukienda kula hotelini itakusaidia. Dagaa unawajua. Mgebuka ni mwembamba mrefu mwenye mng'ao. Sangala ni mkubwa, minofu mizito. Kuhe ni mnene, mtamu, na ukimkuta mbichi asubuhi usimwache kama una pa kumpikia. Watu wanadhani kwa kuwa ziwa hili ni refu kwenda chini, mita 1,470, la pili duniani, basi samaki wamejaa mpaka chini, kumbe chini ya mita mia na kitu mpaka mia mbili hivi hamna hewa ya oksijeni kabisa, uhai wote huu tunaoula unakaa kwenye tabaka la juu. Ndo maana mimi nyavu haramu na makokoro yananiuma. Ziwa linaonekana halina mwisho lakini chakula chake kiko juu tu.

Sasa dagaa wa kubeba. Nitakaa hapa kidogo maana hapa ndo wageni wanapigwa. Dagaa wabichi wanaanikwa asubuhi na jua likiwa zuri wanakauka siku hiyo hiyo, kwa iyo asubuhi unanunua waliokauka jana. Wako walioanikwa chini mchangani na walioanikwa juu ya vichanja. Wa kichanja ni ghali kidogo, chukua hao. Angalia rangi, anatakiwa awe na fedha inayong'aa, akiwa mwekundu wa kahawia ujue alichelewa kuanikwa au alinyeshewa. Mvunje mmoja, akikatika kwa sauti amekauka, akipinda bado. Alafu mtafune, meno yatakwambia kama kuna mchanga, usione aibu, muuzaji mwenye mzigo mzuri mwenyewe atakwambia onja. Vipimo ni sado na ndoo, angalia sado haijabonyezwa kitako. Usiwafunge kwenye mfuko wa nailoni wakiwa bado na joto la jua, watavuja jasho wavunde, weka kwenye kiroba kinachopumua, ukifika nyumbani waanike tena kidogo kabla ya kuwatunza.

Hapo hapo Kibirizi ndo maboti ya abiria ya vijiji vya kaskazini yanapoondokea, na ndo njia ya Gombe. Kwa kawaida yanaondoka mchana na kurudi mjini asubuhi, kwa iyo Gombe kwa boti ya abiria sio safari ya kwenda na kurudi siku moja, ipe siku zake. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alifika pale Julai 1960, hifadhi ikatangazwa 1968, na sokwe wale hawahami, utawakuta. Leo tuko mjini.

Chai, alafu kituo cha reli

Ukitoka mwaloni utakuwa na njaa na utakuwa unanuka samaki, vyote viwili vinaisha. Mgahawani chukua chai ya rangi ya tangawizi na chapati au muhogo wa kuchemsha, ukibahatika supu ya samaki. Kaa kidogo mana kuanzia hapa ni kutembea kwa mguu.

Kituo cha reli kiko chini kabisa ya barabara ya Lumumba, huwezi kukikosa, jengo kubwa la Wajerumani lenye matao, linatazamana na mteremko. Wajerumani walianza kuisukuma reli ya kati kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na hapa Februari 1914, kama kilomita 1,250 za chuma. Ndo asili ya sisi kuitwa mwisho wa reli. Lengo lilikuwa kuvuta mali ya Kongo na Rwanda na Burundi ielekee Bahari ya Hindi, ila Agosti ya mwaka huohuo vita kuu ya kwanza ikaanza, na 1916 Wabelgiji wakaichukua Kigoma. Baada ya vita walipewa eneo lao bandarini hapa Kigoma na lingine Dar kwa ajili ya mizigo ya Kongo.

Ukiwa pale unaona bandari. Hadithi ya kuikumbuka ni ya meli ya Liemba. Ilijengwa Ujerumani, Papenburg, 1913, ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande ikapakiwa kwenye maelfu ya makasha, ikaletwa kwa meli mpaka Dar, ikapanda treni, ikaunganishwa upya hapa Kigoma na kuingia majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walipoona wanashindwa wakaizamisha wenyewe mwezi Julai, ila mafundi waliipaka mashine grisi nzito kwanza. Waingereza waliiibua 1924, mashine zikakutwa zinafaa, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Simama hapo ufikirie wale vibarua waliobeba yale makasha, majina yao hakuna aliyeyaandika.

Na mwaka 1965 Che Guevara, yule mwanamapinduzi, alivukia ziwa hapa hapa Kigoma akaenda Kongo mwezi Aprili, Novemba akarudi kwa njia ileile. Hakuna cha kuona kuhusu hilo, ila ukiangalia maji usiku utaelewa kwa nini yeye na wenzake walichagua huku.

Tahadhari moja ya kweli: kituoni na bandarini usitoe simu ukaanza kupiga picha bila kuuliza. Muone mlinzi au ofisi, sema wewe ni mtalii, mara nyingi wanakuelewa. Ukipiga kwa kujificha ndo unaanzisha maelezo marefu.

Kutoka hapo panda na Lumumba kwa miguu taratibu. Mashine za kutolea hela ziko huku mjini, toa ya kutosha siku nzima maana mwaloni na sokoni ni keshi au simu.

Soko la Mwanga: vitenge na mawese

Daladala za kwenda Ujiji zinapita Mwanga, shukia sokoni. Kigoma ni mji wa vitenge, vingi vinatoka Kongo, na wadada wa Dar wanalijua hilo. Geuza upande wa pili, rangi ikiwa inakaribiana na ya juu hicho kizuri, ukiona ndani peupe achana nacho. Pisi nzima ni yadi 6, unaweza kukata nusu. Bei ongea, ila ongea kwa heshima, unaanza na salamu.

Mawese nayo yanapatikana hapo. Huu ni mkoa wa michikichi, mafuta mekundu yanatoka kwenye nyama ya tunda, na mbegu ya ndani inatoa mafuta ya mise ambayo yana kazi zake, sabuni hasa. Mawese mazuri yana harufu tamu, hayakwaruzi kooni. Nunua kwenye dumu lenye mfuniko wa kubana, weka nailoni chini ya mfuniko, alafu dumu lenyewe ndani ya ndoo. Makondakta wa mabasi hawana mchezo na mafuta yanayovuja kwenye buti, na wako sahihi.

Ujiji, usikimbie

Ujiji iko kama kilomita 8 kutoka Kigoma town. Fika kabla ya saa sita ili matembezi ya juani uyamalize mapema. Ni mji wa Waswahili wa zamani, Wamanyema, Waha, Wabembe, misikiti mingi, vaa nguo za heshima, dada beba mtandio hata wa begani. Ijumaa kuanzia saa sita na nusu mpaka nane kila kitu kinasimama kwa ajili ya swala, jipange.

Jumba la kumbukumbu la Livingstone liko mwisho wa mtaa wa Livingstone kuelekea ziwani. Kuna kiingilio, raia analipa kidogo kuliko mgeni, ndo sababu nyingine ya kitambulisho. Ndani kuna michoro na sanamu za Livingstone na Stanley wamevua kofia wanasalimiana, nje kuna mnara pale walipokutana 1871 na miembe ambayo inasemekana ni vizazi vya ule mwembe waliokutania chini yake. Kuna pia kumbukumbu ya Burton na Speke, wapelelezi Waingereza waliofika Ujiji Februari 1858.

Sasa ushauri wangu, na huu naujali kuliko yote niliyoandika. Muongozaji akimaliza habari ya wazungu wawili, muulize habari ya njia. Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha misafara ya pembe na watumwa, watu wanatolewa Manyema, Kongo ng'ambo ya ziwa, wanavushwa ziwa kwa mitumbwi, wanapumzishwa hapa, wanatembezwa mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Bagamoyo kwa miguu. Livingstone mwenyewe alifika Ujiji mwaka ule amevunjika moyo kwa mauaji aliyoyaona soko la Nyangwe, huko Manyema, Julai 1871. Muulize na habari ya Susi, mtumishi wa Livingstone, ndo aliyekimbia kumpokea Stanley siku ile, na ndo yeye na mwenzake Chuma walioongoza msafara wa kuubeba mwili wa Livingstone baada ya kufa 1873 kutoka Zambia ya leo mpaka Bagamoyo. Waongozaji wanayajua haya na wanafurahi ukiuliza. Mpe bakshishi akitulia na wewe.

Ukitoka, shuka mpaka ufukweni. Kuna mafundi wanaunda mitumbwi ya mbao kwa mikono, msumeno, shoka, misumari na pamba ya kuziba mianya. Kaa uangalie fundi anavyopinda ubao. Uliza, watakueleza mbao gani na mtumbwi unachukua watu wangapi. Ila usikae juani sana, chakula kinakusubiri.

Mchana kula Ujiji au rudi Mwanga, vyote sawa. Agiza ugali wa muhogo, mgebuka wa kukaanga au wa kubanikwa, na sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa na mawese. Kama wana dagaa wabichi waliopikwa na mawese na nyanya, agiza hao badala ya mgebuka. Migahawa ya mama ntilie yenye watu wengi ndo yenye samaki wa leo. Uliza "wa leo au wa jana?", swali hilo halimkasirishi mtu.

Saa kumi jioni: Jakobsen

Rudi mjini, pumzika gesti, oga, acha mizigo ya dagaa. Kuanzia saa tisa na nusu hivi chukua bajaji upande wa Bangwe na Katonga, kusini magharibi ya mji, kama kilomita 5. Katonga ni mwalo mwingine, ukiwa na muda pita. Kabla ya kupanda, mwambie dereva akusubiri au akufate saa moja na nusu, andika namba yake, maana huku jioni usafiri wa kubahatisha ni mgumu.

Ufukwe wa Jakobsen una kiingilio, na ni vighuba vidogo vya mchanga katikati ya miamba na miti. Maji ni maangavu kweli. Ukipata miwani ya kuogelea angalia kwenye miamba, zile samaki ndogo za rangi ni ukoo mmoja na sato, ziwa hili lina aina zaidi ya 200 za ukoo huo na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Ogelea palipo na maji safi na mawe, usiingie kwenye matete na maji yaliyotuama kwa sababu ya kichocho, na waulize wanaolinda pale kuhusu mamba siku hiyo, wao ndo wanajua. Hapa sio baharini, maji baridi hayakubebi kama ya chumvi, na kina kinashuka ghafla ukitoka kidogo, watoto wasiachwe peke yao ata dakika.

Jua linazama nyuma ya milima ya Kongo karibu saa moja. Giza likiingia ndo taa za wavuvi zinaanza kuonekana ziwani kama ni kipindi cha giza, kwa iyo mwenye kamera asikimbilie kuondoka jua likizama tu, asubiri nusu saa.

Chakula cha usiku kula mjini, chepesi. Tiketi ya basi uwe umeshaikata tangu mchana, mabasi ya mbali yanatoka alfajiri na huku saa kumi na moja ni giza totoro, kwa iyo boda wa kukupeleka stendi mpange usiku huo huo na umwambie una kiroba na dumu, asije na boda ambayo tayari ina mzigo mbele.